Kombe Nililolimwaga kwa Bi Zuhura

Mzee wangu Mbwana,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana ulikuwa hupendi salamu ibaki inaning'inia. Sie huku wazima. Arobaini yako imepita, mkeo hajambo, kila nikienda kumwangalia ananilazimisha kula. Baiskeli yako nimeachiwa mie. Mnyororo wake bado unatapika oili. Sketi zangu zina madoa palepale yalipokuwaga kwenye kaptura zako, na wenzetu wa idara ya afya wameanza kuniita Mzee Mbwana. Wakiniita nacheka, nikifika kwenye kona nalia. Ndivyo nilivyo siku hizi.

Kazi ni ngumu. Masika ya mwaka huu si mchezo, Mwananyamala yote madimbwi. Na ile oili chafu ya kumwagia madimbwi ili viluwiluwi wa mbu wafe, haiji tena. Magari yenyewe hayana mafuta, oili chafu itoke wapi? Bwana mkubwa ofisini anasema tujitegemee. Nikamuuliza, tujitegemee kwa mate? Akanitazama vile ulivyokuwa ukinitazama wewe. Kwa hiyo kilichobaki ni kuingia uani kwa watu, kufunika mitungi, kutoboa makopo, kumwaga mapipa. Na nyua za watu, Mzee wangu, zilikuwa zinafunguka kwako wewe.

Nilikuja kwako nimetoka Upareni na cheti changu kipya, nikidhani kazi ni kukagua na kuandika makosa. Wewe ukapiga hodi mara tatu, ukangoja, ukakaa barazani, ukaomba maji ya kunywa. Kila nyumba, maji! Nikasema moyoni, huyu mzee ana kisukari. Ilinichukua wiki nzima kuelewa. Mama mwenye nyumba akienda kukuchotea, anafunua mtungi, anawakuta viluwiluwi wanacheza ngoma, anaona haya, anaumwaga mwenyewe bila kuambiwa. Ukisikia maji yanamwagika uani, unanikonyeza. "Mwanangu Tabitha, mtu haaibishwi nyumbani kwake. Mpe nafasi ajione." Hata yule balozi wa nyumba kumi aliyesema kwake hakukaguliwi, yeye ni kiongozi, ulimwambia mbu hana kadi ya chama. Akacheka mpaka akatufungulia.

Lakini mie nilikuwa na haraka. Unajua ninapoelekea.

Siku ile kwa Bi Zuhura, wewe uko barazani unangoja maji, mie nikapita ubavuni mwa nyumba hadi uani. Nikaona bakuli la udongo limefunikwa kawa, ndani maji ya njano. Sikutazama kama mna kiluwiluwi hata mmoja. Nikayamwaga mtaroni, nikajiona shujaa. Kumbe lilikuwa kombe. Mkristo wa milimani ningejuaje kwamba yale ni maandishi ya Kurani, yameandikwa kwa zafarani, yakaoshwa kwa maji ili binti yake aliyelala mgonjwa ayanywe? Ningejua kama ningeuliza. Bi Zuhura akatoka, akaona bakuli tupu na ile njano mtaroni, akapiga ukunga. Mtaa ukajaa. Nikafungua mdomo, nawe ulikuwa umeshafika uani, ukanitangulia.

"Ni mkono wangu, dada. Nimeghafilika."

Wewe! Mtu wa safu ya kwanza msikitini! Wakakusema mbele yangu, mtu mzima na mvi zako unamwaga kombe mtaroni, huna hata haya. Ukainamisha kichwa. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza mpaka tukakuzika. Njiani ulisema tu, "Mie wananijua, watanisamehe. Wewe wangekufungia milango, na mitaa hii utabaki nayo wewe." Kisha ukaanza kupiga mluzi. Lakini hawakukusamehe upesi hivyo. Mkeo alinisimulia jinsi wenzako walivyokupa mgongo msikitini, hajui kwamba anamsimulia mwenye kosa. Nilikula wali wake siku hiyo kwa shida.

Binti alipona, Mungu mkubwa. Ila Bi Zuhura tangu siku hiyo wewe alikufungulia, mie akasema, "Huyo mwenzio akae hapohapo barazani." Nikadhani yeye hatupendi tu sisi watu wa bara.

Sasa umekufa, na mlango wake ukawa wangu. Uani kuna pipa kubwa la maji ya mvua, na yule binti ana mtoto, kitoto cha watu kila wiki homa, homa, homa. Mara tatu nimepiga hodi. Mara tatu kimya, na huku nasikia mwiko unagonga sufuria! Na unajua safu ile ya nyumba, Bi Zuhura asipofungua hafungui mtu. Nilikuwa nalala namsikia yule mtoto analia, na kwangu ni mbali, siwezi kumsikia.

Jana nikaenda bila baiskeli, bila daftari, bila kata ya kuchotea viluwiluwi. Nikakaa barazani, nikasema na mlango. "Bi Zuhura, shikamoo. Kombe lile nililimwaga mie. Mzee Mbwana hakuligusa." Kisha nikalia, kamasi na yote, watu wanapita wananiangalia.

Mlango ukafunguliwa.

"Najua," akasema. "Mbwana amekulia kwenye zafarani, angelimwaga vipi? Nilijua wiki ileile. Nikataka kuwaambia watu, akanikataza. Kila akija kunywa maji namuuliza, huyo msichana wako atasema lini? Ananiambia, mngoje, dada. Atakuja."

Atakuja! Miaka yote hiyo mie niko nje barazani, nyie wawili ndani mnaningoja! Mzee, wewe mjanja sana. Nilikukasirikia palepale, na nikakupenda palepale. Kumbe hata mie ulikuwa unanipa nafasi nijione.

Nikajifuta uso, nikaomba maji ya kunywa. Bi Zuhura akaenda uani. Nikasikia kifuniko cha pipa kinafunuliwa. Halafu nikasikia maji yanamwagika, mengi, pipa zima. "Subiri, mwanangu," akaita, "nakuchotea mengine kwa jirani." Nikageuka nikukonyeze, na baraza ilikuwa tupu.

Leo asubuhi nyumba nne za safu ile zimenifungulia.

Limebaki moja, nalo nakuahidi. Mkeo nimeshamwambia. Akanipakulia wali. Ijumaa watu wakitoka kuswali nitakuwa nje ya msikiti wako, nimejitanda kanga, Bi Zuhura pembeni yangu, amesema lazima aje. Wale wote waliokupa mgongo nitawasimamisha. Maneno ninayo, ulishanifundisha.

Pumzika, Mzee wangu. Ijumaa, ukisikia sauti ya kike nje ya msikiti inasema "Ni mkono wangu," ujue nimefika.

Mwanao,
Tabitha