Mikuki ya Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepata nafuu, au bado unaegemea fimbo kwenda kisimani? Mimi ni mzima hapa Uingereza, ila baridi inanitafuna vidole. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nimeshindwa mara mbili kulisema hili.

Unakumbuka mwaka niliomaliza kidato cha nne, tukivuna vitunguu saumu shambani kwetu Maretadu? Baba alisema vinaitwa saumu kwa sababu ukivila, watu wote wanafunga kuongea na wewe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha akanigeukia.

“Haya msomi, Wazungu wanaviitaje?”

“Garlic.”

“Maana yake?”

“Haina maana, Baba. Ni jina tu. Kiingereza siyo mambo ya shambani.”

Akaendelea kufunga mafungu. Hakuniuliza tena neno la Kiingereza mpaka alipofariki, na hata kumzika sikuja.

Mzee ninayemtunza hapa alikuwa mwalimu wa lugha. Juzi namenya vitunguu saumu jikoni kwake, akaniambia neno hilo ni maneno mawili ya kale yaliyounganishwa. Gar, kwa Kiingereza cha zamani sana, ni mkuki. Ile sehemu ya pili ni liki, hizi hizi liki tunazopeleka mnadani. Liki ya mkuki, Mama, kwa umbo la majani yake. Nikaweka kisu chini.

Maana kila chipukizi zilipotoboa udongo, Baba alimwita mzee Gidamis, yule Mdatoga aliyetuletea maziwa na mkuki wake begani: “Wewe unao mmoja tu! Njoo uhesabu ya kwangu!”

Jibu alikuwa nalo siku zote. Mimi mwenye cheti ndiye sikuwa nalo, nikamfunga mdomo.

Chipukizi zikitoka msimu huu, nakuomba uende kaburini umwambie kwa Kiiraqw, polepole. Mwambie neno lile lina maana, na ni ile ile yake. Mwambie naomba aniulize lingine.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kupalilia, na dada yangu na wanawe kule Daudi. Mzee Gidamis naye umsalimie. Muulize kama alimaliza kuhesabu.

Ni mimi binti yenu, niliyejibu haraka,

Paskalina