Kopo la Kaya ya Saba

Tap! Tap! Tap! Hivyo ndivyo tulivyoamka, Mama, kabla hatujafumbua macho: vifuniko vya makopo yako ya sampuli vikibanwa kimoja kimoja juu ya meza ya chakula. Mwaka umetimia tangu meza hiyo inyamaze.

"Ondoa makopo yako, watu tunywe chai," Baba alikuwa akilalamika.

"Hayana kitu bado, mume wangu. Wenye kitu ni ninyi."

Kwa miaka tisa uliwafuatilia watu wa kaya arobaini. Kila mwaka ulichukua sampuli ya choo cha kila mmoja, ukaandika nani aliugua na mara ngapi. Ulitaka kujua kama tumbo lenye vijidudu vya aina nyingi huufundisha mwili kujikinga vizuri zaidi. Kaya ya saba ilikuwa sisi. Ulisema huwezi kumwomba jirani kitu ambacho hujamwomba mwanao.

Mtaani walikuita Bi Utumbo. Mimi nilikunja ngumi, wewe uliitika "Abee!" na kuuliza hali za watoto. Baba, fundi redio asiyejua kunong'ona, alijigamba dukani: "Wengine wanajuana kwa sura. Mke wangu anawajua kwa ndani!"

Hukumdharau mtu kwa kutojua. Tunamkumbuka yule bibi jirani uliyemweleza kwamba tumboni mwake mna wapangaji, wengi wao wema, na kwamba askari wa mwili hujifunza kwao nani adui na nani mwenyeji.

"Na hao wapangaji wana kelele?" akauliza.

"Ukila maharage, sana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake alileta kopo lake mwenyewe, limefungwa kwa kitambaa kama zawadi.

Mimi ndiye niliyekuaibisha. Duru ya tisa nilijiona mshairi mkubwa, na mshairi, nilisema moyoni, hachutami juu ya kopo. Nikachota katika kopo la mdogo wangu, Kitindamimba, nikajaza langu, nikaandika namba yangu kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kwa siku tatu ukailaumu mashine ya maabara. Ukarudia vipimo mara mbili. Siku ya nne ulirudi nyumbani, ukaketi mbele yangu na mkoba ukiwa bado begani.

"Mwanangu, hata mapacha wapangaji wao hawalingani. Wewe na Kitindamimba mmelingana kama chapa mbili za muhuri mmoja. Ama nimegundua muujiza, ama nimezaa mwongo."

Hukunigombeza. Ulichukua kalamu, ukaifuta daftarini sampuli yangu ya mwaka ule mbele ya macho yangu. "Uongo wa kijiko kimoja," ukasema, "unachafua kazi ya watu mia mbili." Kisha ukaniuliza kama nimekula. Miezi minne baadaye moyo wako ulisimama, na mimi sikuwa nimesema samahani.

Nimekutungia ubeti. Mizani nimeihesabu mwenyewe, na atakayeona kasoro aje tubishane:

*Wale tusiowaona, wewe uliwathamini,*
*Asubuhi na mchana, macho yako darubini,*
*Ukasema hushikana, ndio kinga ya mwilini,*
*Umetuachia jina, na heshima mtaani.*

Kazi yako haikufa, Mama. Mwanafunzi wako wa mwisho, yule binti mrefu uliyemwita Mkono Mwepesi, ameibeba. Kaya zote zimetimiza duru ya kumi, ya mwisho, iliyocheleweshwa na msiba wako, isipokuwa moja, yetu: limebaki kopo langu tu. Jana alikuja kwetu na kopo tupu mkononi.

"Kaka, duru moja ikiharibika tunavumilia," alisema. "Zikiwa mbili, kaya nzima inatoka kwenye utafiti. Mama yenu naye anatoka, na sampuli zake zote tisa. Lakini sikulazimishi. Yeye hakuwahi kumlazimisha mtu."

Kitindamimba alinitazama. Baba alizima redio, jambo ambalo hata wewe hukuliweza.

Unakumbukwa na mumeo. Na wanao wawili. Na dada yako mshonaji, anayevaa koti lako la maabara akikata vitambaa na kukataa kulivua. Na wanafunzi wako, na majirani wa kaya thelathini na tisa. Siku zote utakuwa nasi, na tumeridhika kwamba uliishi ukifanya ulichokipenda.

Nilisimama, Mama. Nililipokea kopo kwa mikono miwili, nikamwambia Mkono Mwepesi, kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani: "Dada, kesho saa moja asubuhi nitakuletea mwenyewe maabara. Na kitakachokuwamo kitakuwa changu."