Jina la Fideli Kwenye Kanda

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko imepungua na goti lako linakuruhusu kufika jumuiya. Mimi mwili mzima, ila roho haina raha. Yustina mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, funga mlango kwanza, na usiruke neno hata likikuudhi.

Mama, wimbo wangu wa kwanza unaujua, ule wa mvua, mpaka watoto wa Ruhuwiko waliuimba wakienda kuchota maji. Basi wimbo ule umenitesa. Mwenye studio alitaka wa pili upesi kabla watu hawajanisahau, maana siku hizi redio za watu binafsi zimefunguliwa na kila wiki anatokea mwimbaji mpya. Nikatunga mitatu. Yote akaikataa, eti imepoa kama uji wa jana. Wapiga gitaa wakaanza kunikwepa. Nikaona nitarudi Songea na begi langu lile lile, watu wa Majengo wanicheke.

Siku moja tukiwa studio, wenzangu wanakaza nyuzi, nikajikuta naimba chini chini ule wimbo uliomwimbia kaka Fideli kaburini, mwaka ule homa ilipomchukua. Fundi alikuwa amewasha kanda. Mwenye studio akaja mbio, akauliza ni wimbo gani. Hapo ndipo nilipokosea, mama. Nilimjibu, "Ni wimbo tu wa nyumbani." Sikusema ni wa msiba. Nilijua akijua ataogopa kuutumia, nami nilitaka autumie. Hiyo ndiyo kweli yangu, sina nyingine.

Wakauongezea ngoma na gitaa la umeme, ukawa wa kuchezeka. Nilijaribu kuliondoa jina la kaka, mwenye studio akasema jina ndilo tamu, libaki. Nikaliimba. Na nilikuwa nakumbuka vizuri ulivyosema siku ile, umeshika udongo mkononi: "Nimemwita mara ya mwisho. Asiitwe tena, mwacheni apumzike." Tangu hapo hata mezani tunasema "kaka" tu. Mimi nimemwita kwa kipaza sauti.

Kanda zimetoka, na wimbo umependwa kuliko ule wa mvua. Mkosi gani huu. Saluni ni huo, maduka ya kanda ni huo. Jumapili mchana tulipiga kwenye ukumbi mmoja huku, umejaa pomoni. Tulipofika kwenye jina, nikakisogeza kipaza sauti kando, sikuliimba. Nilidhani wimbo utakufa pale pale. Ukumbi mzima ukaitikia, "Fideli! Fideli!" huku wanakata viuno na kuinua chupa. Nikasimama naangalia watu wasiomjua wakimwita kaka yangu. Nimemsihi mwenye studio alifute jina, akacheka, akasema kanda zimeshasambaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Barua hii nampa dereva wa lori anayekuja Songea kuchukua mahindi. Ndani ya lori hilo hilo kuna katoni ya kanda za wauzaji wa Majengo, nimeiona kwa macho yangu. Nimemwomba apite kwako kabla hajashusha chochote, naye ameniahidi, lakini dereva ni dereva. Siombi unisamehe, mama. Naomba tu usilisikie jina dukani kabla hujalisikia kwangu. Ukienda sokoni pita njia ya nyuma mpaka watu wauchoke. Watauchoka, ndivyo walivyo.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na mama yangu wa ubatizo. Shangazi wa kwaya mwambie mwenyewe, mimi namwogopa. Wewe Yustina, usimwache mama peke yake leo.

Na ukienda kupalilia kaburini, mama, kaka usimpe salamu zangu. Ameshaitwa vya kutosha.

Mwanao,
Skola