Minazi ya Mpakani

Khuloud, acha unachofanya usome hii.

Yule mtaalamu aliyekuja leo hapa Mkwaja kutufundisha ugonjwa wa minazi, wallahi simwamini. Simwamini hata kidogo!

Eti minazi inayougua ni ile ya mipakani tu. Ya mipakani tu, shoga! Ya katikati yote mizima. Eti tuikate leo leo.

Nikamuuliza, "Ugonjwa huo unaujuaje mpaka wetu?" Watu wakacheka. Baba akanikemea nisimtie mgeni aibu.

Nani hapa kijijini ana hati ya shamba? Hati yetu ni ile minazi aliyoipanda babu mpakani.

Halafu sasa hivi nimemwona mtaalamu wetu akipanda gari la Talal, yule dalali wa viwanja.

Nampigia baba, hapokei. Nasikia shoka shambani.