Tafuna, Usimeze

Jumanne, Nyakahanga

Chai Baba anakunywa bila sukari, sifa hiyo siwezi kumnyima. Miaka yote hii tangu aambiwe ana kisukari hajagusa hata soda. Lakini leo, siku ya nne tangu wamkate mguu, nimemkuta wodini amebakiza kipande kimoja tu cha matoke kwenye sahani iliyokuwa imejaa.

"Ndizi hizi si tamu," akasema. "Hiki ni chakula."

Nilikasirika. Nikampa kile kipande. "Tafuna, Baba. Usimeze."

Alitafuna muda mrefu, kisha akaacha ghafla. "Imekuwa tamu."

Nikamweleza kwamba wanga ni sukari zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Mate yanaanza kuukata uzi, tumbo linamalizia, na shanga zote zinaingia kwenye damu.

Akaitazama shuka pale mguu unapoishia.

"Haya umeyajua leo?"

"Hapana, Baba. Nawafundisha kidato cha pili. Huwa nawatafunisha ugali."

"Watoto wa watu," akasema. "Tangu lini?"

Miaka tisa. Nilichukua sahani nikaenda kuiosha.