Upande wa Pili wa Kaseti

Tarehe 9 Januari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba limegoma kupanda ngazi, nami tangu hapo kila nikipanda za dukani nakukumbuka. Sisi huku tu wazima. Mwenzangu anakusalimu sana.

Ulisema kwamba tangu ustaafu kazi ya kuunganisha simu kwenye swichibodi nyumba imekuwa kimya mno, na kwamba redio inakuudhi kwa sababu watangazaji wa siku hizi wanameza maneno. Nimekutafutia dawa. Usinicheke.

Unajua kwamba duka letu linauza santuri na kaseti zilizokwisha kutumika. Nyuma kabisa, karibu na choo, kuna sanduku ambalo tajiri wangu huliita kaburi, kwa sababu kinachoingia humo hakitoki. Nilipokuwa nalifuta vumbi nilitoa santuri moja isiyo na picha, jalada la kijivu tupu, nikaiweka kwenye gramafoni kwa udadisi. Tajiri alitoka ofisini mbio. "Umevunja nini?" Sikuwa nimevunja kitu. Ndivyo santuri yenyewe inavyoanza.

Inaitwa Kinu cha Nne. Ndugu wawili waliingia katika kiwanda cha saruji kilichofungwa, wakarekodi milango, minyororo na mapipa, kisha wakavichanganya na ngoma za umeme. Hakuna anayeimba. Mwanzoni ni kelele tu. Ukivumilia, unaanza kusikia kama kuna mtu mle ndani anayejaribu kuiamsha mashine, na unamtakia heri. Nimekunakilia kwenye kaseti. Nina masharti: sikiliza yote ukiwa umekaa, bila kushona wala kupika, kisha uniandikie kabla hujairudia.

Kuhusu kuja kwako mwezi wa nne, tungefurahi mno, lakini ndugu za mwenzangu wamejaa chumba cha wageni na haijulikani wataondoka lini. Tusubiri kidogo.

Binti wa kaka yako


Tarehe 2 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, lakini tunaelewana. Kifua kizuri, usingizi wa kuridhisha. Nawe unakula? Msalimu mkwe wangu, mwambie nimewasimulia majirani habari zake mpaka wamenichoka.

Nimetimiza masharti. Nilikaa kwenye kiti kigumu, nikafungulia sauti, nikasikiliza. Dakika za mwanzo nilijiuliza nimekukosea nini. Kabla ya upande wa kwanza kwisha, jirani alinitokea sebuleni akiwa na fundi. "Mama Simu, zima pampu, itaungua!" Nikamwambia si pampu, ni muziki. Alinitazama kama mtu anayetafuta maneno ya kumpa mgonjwa. Fundi, yeye, aliinamisha kichwa akasikiliza kwa heshima, akasema beringi imekwisha.

Sasa hukumu yangu. Kipande cha kwanza kimejengwa vizuri. Kila sauti inajua inakokwenda. Cha pili kimerefushwa bila sababu. Mtu akishasema lake anyamaze. Cha tatu hakina kitu, umenakili hewa. Cha nne kimenirudisha kazini. Chini ya sakafu ya chumba chetu kulikuwa na mitambo inayonguruma, lakini hatukuwahi kuisikia mpaka siku ilipozimwa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo wanawake wazima tulishikana mikono, na hakuna aliyejua kwa nini. Leo ngurumo hiyo imerudi nyumbani kwangu kwa nusu saa, nami nimekaa nayo.

Nipendekezee nyingine. Na hao ndugu wa mumeo hawana kwao? Mimi nalala hata kwenye kochi. Sijauona hata mlango wa nyumba yenu tangu uolewe.

Shangazi yako


Tarehe 20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umesimama kwa miguu yote miwili. Ile beringi imenichekesha hadi tajiri akaniuliza kama nina homa. Nilipomsimulia, aliandika kwenye kikaratasi, "Imethibitishwa na fundi wa pampu," akakibandika kwenye jalada la kijivu. Siku ya pili yake mtu akainunua. Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa kwanza kufufua kitu kutoka kaburini.

Lakini kipande cha tatu si hewa! Kimejaa vioo vinavyopasuka na kulia juu kabisa, vyembamba kama sindano. Labda redio kaseti yako ina uchafu. Isafishe kwa pamba na spiriti.

Safari hii nakuletea mbili katika kaseti moja. Upande wa kwanza ni Jenereta Mjane, ya mama mmoja aliyetengeneza ala kwa mota ya cherehani na mikwaruzo ya redio iliyokosa stesheni. Huyu hana haraka. Anauacha umeme uvume, uvume, mpaka unaanza kumwona aliyeuwasha. Upande wa pili ni Chumba Bila Samani, ambayo ni kimya kiasi kwamba wateja wawili waliirudisha wakidai ni mbovu. Hiyo ni sauti ya hewa ndani ya vyumba vitupu, iliyopitishwa kwenye mitambo mara nyingi mpaka ikawa kama pumzi. Niliinakili Jumapili nikiwa na kazi za nyumbani. Sikuisikiliza wakati wa kunakili, kwa kuwa waya huichukua sauti kutoka kwenye gramafoni na kuipeleka moja kwa moja kwenye kaseti, lakini dukani nimeisikiliza mara nyingi. Isikilize ukiwa umetulia.

Wageni bado wapo. Mwenzangu anasema umemvunja mbavu.

Binti wa kaka yako


Tarehe 17 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sijambo. Mashine nimeisafisha kama ulivyoelekeza, na kipande cha tatu bado ni hewa. Mashine yangu ni nzima. Tusibishane.

Jenereta Mjane ni kazi ya mtu mzima. Sina la kuongeza.

Kwa upande wa pili nilivaa hedifoni yangu ya kazini, ile niliyopewa siku ya kuagwa, nikapandisha sauti hadi mwisho, kwa kuwa ulisema ni kimya. Sijawahi kusikia kitu kama kile.

Kwanza kuna kitu kidogo kinachoanguka sakafuni. Mwanamke anafagia. Anaosha sufuria. Anaweka sahani mezani, sahani moja, na kijiko; nilisikiliza kwa makini kama kuna kingine kinachofuata, hakikufuata. Anavuta kiti. Kisha anasema, "Chakula tayari." Panakuwa kimya. Halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti nzito ya kuigiza, "Nakuja, mke wangu." Hacheki. Anakula. Baada ya hapo hakuna anayeingia wala anayetoka mpaka utepe unakwisha, na nyumba inasikika pana, kama chumba kilichotolewa kabati zito.

Wale ndugu wa saruji ni hodari, lakini wao waliingia mahali palipoachwa, wakarekodi, wakaondoka. Huyu anaishi humo.

Huenda unamfahamu. Ukimwona, mwambie yupo msikilizaji mmoja aliyesikiliza hadi mwisho bila kuzima. Msikilizaji huyo angependa kujua ilianza lini, na kama kile chakula kilikuwa cha kutosha. Zaidi ya hayo hatauliza. Mtungaji halazimishwi kueleza kazi yake.

Safari hii sina salamu za kumpa mtu mwingine.

Shangazi yako


Tarehe 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Barua yako imelala chini ya mto wangu tangu ifike. Nilianza kujibu mara kadhaa, na kila mara nilijikuta naandika habari za wageni.

Plagi ya waya ilichomoka. Ndicho kile kitu ulichosikia kikianguka. Ikichomoka, redio kaseti hufungua maikrofoni yake ya ndani na kurekodi chumba. Sikujua mpaka niliposoma barua yako nikiwa nimesimama hapo hapo mlangoni.

Basi, nimemwona mtungaji. Anasema ilianza mwezi wa nane mwaka jana. Mume alipata kazi mji mwingine, akatangulia ili atafute nyumba, na alipoandika ilikuwa mara moja tu, kuomba kabati lake. Hapakuwa na ugomvi. Anasema angependa ugomvi ungekuwepo, angalau angekuwa na la kusimulia. Wageni hawajawahi kuwapo. Hakumwambia shangazi yake kwa sababu shangazi ndiye aliyempenda yule mtu kwanza, akamsifu mtaa mzima, na mtungaji hakutaka kumvunjia heshima mbele ya watu wake. Basi akaendelea kutuma salamu za mtu asiyekuwepo. Ukishazituma mara mbili tatu, Shangazi, zinakuwa kama kazi za nyumbani. Unazifanya tu.

Chakula kilikuwa cha kutosha. Kilibaki.

Mimi sasa naomba uje. Chumba cha wageni ni kitupu, nitanunua godoro, nitakupokea kituoni. Nimekupigia simu wiki nzima ili nikuambie haya kwa mdomo wangu, inaita mpaka inachoka. Mtu aliyeunganisha simu za nchi nzima hapokei yake!

Binti wa kaka yako


Tarehe 18 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimesoma, nimekaa, nimesoma tena.

Mwambie mtungaji kwamba shangazi yake alimsifu yule mtu kwa kinywa chake mwenyewe, na kwa kinywa hicho hicho amekwisha kuwaambia majirani kwamba alikosea. Wamepokea vizuri. Mmoja alisema hakumpenda tangu mwanzo. Nikamwuliza kwa nini basi alikula pilau ya harusi mara mbili. Heshima yangu haikupungua hata punje. Kilichonisikitisha ni kwamba ulikuwa unaweka sahani ile moja, na mimi huku namtumia salamu.

Lakini kuja siwezi. Goti. Halafu vituo vya basi siku hizi havina adabu. Watu wananong'ona, na matangazo hayaeleweki. Simu yangu ni mbovu, usipoteze pesa. Andika. Kwenye karatasi tunaelewana.

Badala ya kuja, nakupendekezea albamu. Mtungaji ni mkongwe wa mtaa huu na hii ni kazi yake ya kwanza. Aliiweka redio kaseti juu ya meza ya jikoni, akabonyeza kitufe chekundu, akaendelea na shughuli zake za asubuhi. Alitaka kumwonyesha mtungaji mwenzake kwamba mtu anaweza kuishi peke yake kwa utaratibu, akawa salama, akawa hata na furaha kidogo. Alirekodi mara moja, hakurudia, wala hakujisikiliza.

Isikilize kwa masharti yako mwenyewe.

Shangazi yako


Tarehe 3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa, nikasikiliza yote, na naandika kabla sijairudia.

Mwanzo ni mzuri kuliko chochote tulicho nacho dukani. Unatembea kwa ule mguu mmoja mzito. Unakata vitunguu, unavigombeza. Unaimba mstari mmoja, unaukosea, unajikemea, "Hebu imba vizuri, mama!" Nilicheka peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sauti ya kicheko changu humu ndani haikunitisha.

Kisha uliweka birika motoni. Likaanza kupiga filimbi. Nilingoja ulitoe. Ulikuwa hapo hapo, nilisikia ukipanga sahani hatua moja kutoka kwake. Likazidi, likapiga hadi nikavua hedifoni masikio yakiniuma. Nilipovaa tena, filimbi ilikuwa inafifia kwa sababu maji yalikuwa yanakwisha, na wewe bado unaimba. Ikanyamaza. Baadaye sana ukaacha kuimba, ukasema, "Nani anaunguza kitu?"

Hukusikia, Shangazi. Ulinusa.

Halafu jirani alibisha. "Mama Simu! Upo?" Akabisha tena, kwa nguvu zaidi. Akamwambia mtu aliyekuwa naye, "Siku hizi hafungui. Sijui tumemkosea nini," wakaondoka. Nawe ulikuwa umekaa, unafungua gazeti. Nilisikia kurasa.

Basi mashine yako ni nzima, na simu yako si mbovu. Na watu wa kituoni hawanong'oni.

Najua hukukusudia nisikie haya. Mimi pia sikukusudia. Sitakuuliza ilianza lini. Wala usinijibu kwamba ni uzee tu, au kwamba ngurumo bado unazisikia; najua unazisikia, nimekuwa nikikutumia ngurumo tangu Januari na wewe ukiomba nyingine.

Kama umekasirika, kasirika. Andika ukali wako wote na uuweke mezani, nitausoma nikifika. Nimeomba likizo. Tajiri aliuliza ya muda gani, nikasema sijui. Aliguna, akasema kaburi litanisubiri. Nakuja Alhamisi ijayo, basi la asubuhi.

Usikae karibu na mlango ukijitahidi kusikia. Sitabisha hodi. Nitakwenda moja kwa moja nje ya dirisha la jikoni, nisimame penye mwanga, ningoje mpaka uinue macho.

Binti yako