Sombe ya ku Piste

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tano 2001

Mupendwa muke wangu mudogo Espérance,

Nakusalimia na moyo wote na magoti yote mawili, hata lile la kuume lenye kunikatalia kupanda kilima. Uko aje huko Nairobi? Ile baridi inakusumbua bado? Unakula, ao unasoma tu? Sisi huku tuko, Mungu asifiwe, ingawa yeye mwenyewe akishuka kutuangalia sijui kama angekubali kulala. Bibi yako Godelieve iko muzima, na mudomo wake iko muzima zaidi. Ameona nakuita muke wangu, kama babu yeyote anavyomwita mujukuu wake, akasema, "Mwambie huyo muke mwenzangu akuje akuchukue. Mi nimechoka na weye." Basi, nimekuambia.

Barua yako ilifika ku mukono wa Mama Anastasie, yule muuza ndagala mwenye kuvuka ziwa mpaka Kigoma. Ilikuwa inanuka samaki sana, paka ya nyumba ikaisoma mbele yangu. Pembe moja ya ukurasa imekula, lakini nafikiri hapo ulikuwa unanisalimia tu.

Sasa tuongee masomo. Umenieleza vizuri hiyo gestion ya aviation, nami nimeisoma polepole, maana mi niliacha masomo darasa la ine na macho yangu inaniacha sasa. Nilizania unajifunza kurusha ndege. Nilikwisha kutangaza mu kanisa nzima kwamba mujukuu wangu atapita juu ya paa ya pasteur, ajifunge vizuri. Kumbe weye utakaa chini ku bureau, upange saa za ndege, abiria na mizigo, na kugombeza bale benye kuruka. Godelieve anasema kazi hiyo anaifanya tangu tulipooana na hakuna mutu alimupa diploma.

Lakini paragrafu yako ya mwisho ilinikata kicheko. Unasema école inataka kila mwanafunzi afanye stage, ile kazi ya kujifunzia, ku uwanja wa ndege mbele ya kumaliza. Unasema kila kampuni ya huko inakuuliza paspoti, na weye uko na ile karatasi ya mukimbizi tu, basi banakuambia utaitwa, na simu hailii. Kwa hiyo umekata shauri: utarudi Baraka, ufanye stage ku piste ya ndege ya kwetu. Darius atatia sahihi, na kaka yako Fabien atabeba valizi yako toka ku ziwa.

Juu ya Darius, nilicheka tena kidogo. Huyu mudirektere wa uwanja ambaye bureau yake ilikuwa kivuli na kazi yake kufukuza mbuzi! Unakumbuka uwanja wetu mzima ulikuwa na vyombo viwili: filimbi ya Darius, na ile jupon, sketi ya ndani ya bibi yako, tuliyoifunga ku muti ionyeshe upepo. Rubani wa misheni alikuwa anaangalia jupon ya muke wangu kila wiki na sikumupiga hata siku moja.

Juu ya Fabien sikucheka. Hatukukuandikia, mutoto wangu. Kila mara Godelieve alisema ungojewe umalize mitihani kwanza, na mitihani yenu haiishi.

Unajua desturi yetu. Ndege ikilia, kwaya inakimbia ku piste na ngoma, bamama na ndizi zao, sababu kwetu ndege ilikuwa pasteur mugeni ao dawa za ku hopitali. Mwaka juzi, wakati wa mvua, ndege ikalia. Vita ilikwisha kuingia, kila mutu alijua, lakini miguu ikakimbia vile ilivyozoea. Darius akapiga filimbi, mbuzi zikatoka. Mama Rosette akapanga sauti. Fabien akavaa ngoma ku shingo. Mulango ukafunguka, tukaanza wimbo wa kukaribisha wageni, na bakashuka basoda na bunduki.

Tuliimba mpaka katikati ya ubeti wa pili. Hakuna aliyejua namna ya kuacha. Mukubwa wao akapiga makofi, akasema, "Muko na nguvu, vijana. Njo nyie batu tunatafuta." Bakachukua vijana wote wa kwaya babebe masanduku, njia ya Misisi. Wengi balirudi na mabega yamechubuka. Norbert, mumoja wao, alikuwa nyuma ya kaka yako. Anasema Fabien alianguka ku mulima, basoda bakamuambia yeye apite, asigeuke kuangalia, naye hakugeuka. Kisha akasikia risasi moja. Njo hiyo habari yote tuko nayo. Ngoma ilibaki ku piste. Bibi yako anaikalia akitwanga sombe.

Na hiyo sombe anaichuma ku mihogo ya ku piste. Nyuma ya mambo hayo, batu balichukua majembe bila kuambiwa na chef yeyote, bakapanda mihogo toka mwisho huu mpaka mwisho ule. Shimo la kwanza alichimba Darius. Basoda hawatui tena pale, banakuja na miguu na kutuibia mihogo. Ndege ya dawa nayo haina pa kutua. Muke wa Darius alikufa na homa mwaka huu, dawa yake iko Bukavu. Darius kesho yake alienda kupalilia.

Basi uwanja wa kufanyia stage hauko, Espérance. Ndege zinazopita sasa zinaenda kule ndani kwenye zahabu. Hazina saa, hazina abiria, na mwenye kuzisimamia hakusoma école yako. Iko na bunduki. Usirudi. Ningekuwa babu wa maana ningekuonyesha njia ingine, lakini nimeitafuta na sikuiona. Maliza masomo. Bakikunyima stage, kaa na yale iko mu kichwa, hata kama sijui yatakulisha nini. Uuze chapati ikibidi, lakini uuze huko.

Wanakusalimia Godelieve, Mama Rosette ambaye haimbi tena, na Darius, anayesema angetia sahihi mara mbili. Umusalimie Émilienne unayelala naye chumba kimoja. Mungu akulinde huko, sababu huku nimemuona na kazi nyingi.

Siku hizi ndege ikilia, batu bote banakimbia kujificha mu mihogo. Mi hili goti limekataa, kwa hiyo nabaki ku kiti mu kiwanja cha nyumba, nazipungia mukono zote. Godelieve ananitukana akiwa mu majani. Namujibu anyamaze, pengine ni muke mwenzake anapita.

Mume wako wa bure, akupendaye kuliko bale batakaokuja na ng'ombe,

Babu Néhémie Wilondja